Ua wa Mpakani ni wa Watu Wawili



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya bei ya karafuu, majamvi ya kuanikia, na hatari ya kupanda mkarafuu mrefu bila ya kamba. Leo twaomba ruhusa tuseme juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni ua wa miti mibichi unaopandwa mpakani mwa shamba. Huenda mwanachama akauliza: karafuu na ua vina ujamaa gani? Jawabu yetu ni hii. Miche ya mikarafuu tuliyoipoteza sisi wenyewe miaka hii, iliyo mingi haikufa kwa maradhi wala kwa jua. Ililiwa na mbuzi, au ilikanyagwa na ng'ombe aliyekata kamba usiku. Na kila mche ulioliwa uliacha nyuma yake watu wawili wasiosemezana.

Rai yetu twaitoa mapema. Kabla mwanachama hajashika jembe kwenda kupanda ua, amwendee kwanza jirani yake, wakubaliane mti gani utapandwa, utapita wapi, na nani ataukata. Asiyefanya hivyo anapanda ugomvi, na ugomvi huota upesi kuliko mti wowote. Somo hili hatukulipata kisiwani kwetu. Tulilipata mbali, katika nchi ya Wasukuma, pahala panapoitwa Kiseke.

Tulikuwa watu watatu wa chama hiki. Tulikwenda Mwanza kwa arusi ya binti wa ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Wete, aliyehamia huko zamani kwa biashara ya duka. Tulivuka bahari hadi Dar es Salaam, tukapanda basi, tukapita Dodoma, Singida na Shinyanga, mpaka tukaliona Ziwa Viktoria. Mwanza ni mji wa majabali. Jiwe limekaa juu ya jiwe, na nyumba zimejibanza katikati, hata mgeni huona hofu kulala chini yake. Kiseke ni kata mojawapo ya Wilaya ya Ilemela, pembeni mwa jiji, na watu wamejenga hapo kwa wingi. Yako majumba yaliyozungushiwa kuta za matofali yenye vigae vya chupa juu yake. Lakini baina ya kuta hizo bado zipo nyua za miti, na zilizotushangaza zaidi ni nyua za mnyaa, ambao watu wa bara huuita manyara.

Mnyaa wajulikana na baadhi yetu. Hauna majani ya kutajika. Hutoa vijani vidogo sana ambavyo huanguka upesi, na kazi yote ya majani hufanywa na vijiti vyake vya kijani, vyembamba kama penseli. Ndiyo maana huonekana mbichi mwaka mzima, hata kiangazi kikikausha kila kitu kando yake. Mbuzi hautaki, kwa sababu ya utomvu wake mweupe. Wasukuma tangu zamani wameuzungushia miji yao na mazizi yao ya ng'ombe, na mtu asafiriye katika nchi ile huutambua mji wa watu kwa mbali kwa kuona mstari wa kijani.

Ua wa mwenyeji wetu ulikuwa umenyooka kama uliopigwa uzi. Urefu wake ulikuwa kifua cha mtu, nao umeshiba tangu chini hata juu, kuku asiweze kupenya. Tukamwuliza mtumishi wake wa bustani ni nani. Akacheka, akasema:

"Sina mtumishi. Nusu ni kazi yangu, nusu ni kazi ya Mzee."

Mzee huyo ni jirani yake, Msukuma wa makamo yaliyopita, ambaye kila magharibi huja kukaa barazani. Alipokuja tulimwamkia, akatuitikia, akasikia tunausifu ua, akatusimulia mwanzo wake.

"Huyu Mpemba wangu alipofika hapa alitaka kujenga ukuta," alisema. "Nikamwambia, ukuta utakula mtaji wako wa duka, na ukishamaliza hutaniona tena. Panda manyara. Mimi nitakupa vipande, wewe utanipa nguvu zako."

Basi wakaenda wote wawili mpakani, wakazitafuta bikoni, wakavuta kamba kutoka moja hadi nyingine, wakakubaliana kuwa mstari wa ua ni mstari wa mpaka, wala hautasogezwa upande huu wala ule. Mzee akakata vipande vyenye urefu wa mkono, akaviweka kivulini siku kadhaa mpaka maziwa yakakauka penye mkato. Alitueleza kwamba kipande kinachopandwa kingali kinatoka maziwa huoza mara nyingi. Mvua za vuli zilipoanza wakavichomeka ardhini, shubiri moja baina ya kipande na kipande.

Ua ulipofika magotini wakaukata vichwa. Hapo ndugu yetu alisikitika, maana aliona kazi yake inapotezwa. Lakini mti unaokatwa kichwa ungali mchanga hutoa matawi ya pembeni, na hayo ndiyo yanayoziba chini. Anayeuacha urefuke kwanza ili aukate baadaye hupata ua wenye kichwa kikubwa na miguu mitupu, na mbuzi hupita miguuni. Samaki mkunje angali mbichi. Tena wakaufuata utaratibu wa kuukata chini mpana na juu mwembamba, ili jua lifike hadi matawi ya chini. Ua ulio mpana juu hujitia kivuli wenyewe, ukakauka chini na kufanya matundu.

Na kazi waliigawa hivi: mara mbili kwa mwaka kila mmoja hukata upande wake, na kichwa cha ua hukatwa na wote wawili siku moja. Palipokufa mti, pengo huzibwa mvua inayofuata, bila ya kuulizana limekuwa upande wa nani.

Hadi hapo, wanachama, tuliona raha tupu. Mmoja wetu aliazimia palepale kuchukua vipande vya mnyaa aje navyo Pemba, akavifunga ndani ya gunia. Lakini siku ya pili tulisikia sehemu ya hadithi ambayo Mzee hakuisema barazani.

Miaka michache kabla ya safari yetu, mjukuu wa Mzee alikuwa akicheza karibu na mlango. Akavunja vijiti vya ua kama wafanyavyo watoto, maziwa yakamruka jichoni. Mtoto alilia usiku kucha. Walimwosha jicho kwa maji mengi, wakampeleka hospitali, akakaa siku kadhaa haoni kwa jicho lile kabla ya kupona. Ndugu yetu alituambia kwamba usiku ule hakulala. Ua ulikuwa wao wawili. Lakini kijiti kile kilivunjwa upande wake, na nyumba aliyokuwa akilia mtoto ilikuwa ya jirani. Alijua kwamba neno moja baya lingetosha kuufanya ule ua kuwa ukuta kweli.

Asubuhi alikwenda kwa Mzee kabla ya kufungua duka. Hakungoja kuitwa. Wakakaa, wakasemezana, wakakubaliana. Mnyaa ukabaki nyuma, kwenye zizi, ambako watoto hawachezi. Ule wa mbele, karibu na milango, ukang'olewa wote kwa siku mbili, watu wamevaa mikono mirefu na kufunika macho, na matawi yakafukiwa mbali bila ya kuchomwa, kwa kuwa moshi wake nao huwasha. Mahali pake ndugu yetu akapanda mhina, mti wa kwao. Na majani ya mhina ule ndiyo yaliyotwangwa kwa ajili ya arusi tuliyoiendea. Bibi arusi wa Kipemba alitiwa hina iliyochumwa katika ua wa Kiseke, na mke wa Mzee alikuwa miongoni mwa waliokaa naye chumbani.

Tulipoyasikia hayo tukamtazama mwenzetu mwenye gunia. Tukashauriana usiku ule, na asubuhi gunia likafunguliwa na vipande vikabaki Kiseke. Twataka wanachama wazijue sababu zetu, kwa sababu twafahamu wako wengine watakaovutiwa na mti ule kama tulivyovutiwa.

Sababu ya kwanza ni utomvu wenyewe. Huwasha ngozi, na jichoni huleta maumivu makali na upofu wa siku kadhaa, na ukicheleweshewa tiba hatari huzidi. Tena, tangu Daktari Denis Burkitt alipoeleza mwaka 1958 saratani ya taya iliyokuwa ikiwapata watoto wa Uganda, watafiti waliomfuata wameutaja utomvu wa mnyaa miongoni mwa mambo yanayohusishwa na ugonjwa huo, pamoja na malaria na kirusi cha Epstein-Barr. Shambani kwetu wakati wa msimu huwamo watoto wengi wakiokota karafuu zilizoanguka chini ya mikarafuu. Hatuwezi kuwazungushia mti wa namna hiyo.

Sababu ya pili ni ardhi. Mnyaa hupenda mahali pakavu penye kichanga na mawe, kama Kiseke. Pemba mvua ni nyingi, na mabondeni maji hutuama. Mti huo hauvumilii miguu yake kukaa majini. Na sababu ya tatu ni kwamba mmea utokao ng'ambo waweza kuleta maradhi na wadudu. Haifai mtu kuuvusha mmea wowote kwa siri ndani ya gunia. Yafaa kwanza amwulize afisa wa kilimo.

Basi tupande nini? Sisi twaitaja miti mitatu iliyo karibu yetu.

Wa kwanza ni girisidia, mti wenye asili ya Amerika ya Kati ambao wakulima wa viungo wa visiwa hivi wanaujua vizuri, maana wengi huutumia kuwa nguzo ya mpilipili manga. Hukatwa fito nene zenye urefu wa mtu, zikachomekwa mwanzo wa masika, nazo huota. Majani yake huongeza rutuba ya udongo, na ukiyakata waweza kuyatandaza chini ya miche ya mikarafuu. Lakini mbuzi huyala majani hayo, hasa yakinyauka, kwa hivyo fito ziwe ndefu ili machipukizi yawe juu ya kinywa chake, na baina ya fito pazibwe kwa makuti mpaka zishikane. Kiangazi kikali huweza kupukutisha majani yake, fito hubaki.

Wa pili ni mhina, kwa uani na karibu na nyumba. Huota kwa vipande, hukubali kukatwa mara kwa mara, nao humpa mama wa nyumba faida ambayo hatuna haja ya kuieleza.

Wa tatu ni mchongoma wenye miiba, kwa mpaka unaopakana na njia ya ng'ombe. Huchelewa, na miaka ya mwanzo huhitaji ulinzi. Upandwe kwa mistari miwili, kila mche wa mstari wa pili ukabili nafasi iliyo baina ya miche ya mstari wa kwanza, na ukatwe kichwa mapema kama tulivyoeleza.

Mti wowote uwao, ua usipandwe ubavuni mwa mkarafuu. Mkarafuu mchanga wahitaji kivuli kidogo na kukingwa na upepo, na ua huusaidia kwa hayo. Lakini mizizi ya ua nayo hula na kunywa. Sisi huacha hatua tano za mtu mzima. Wala usikate ua kwa nguvu katikati ya kiangazi. Kata kidogo kidogo, mara kwa mara, na jembe lipite chini yake kuondoa magugu mwaka wa kwanza na wa pili.

Twajua kuna wanachama watakaopinga. Wako watakaosema kwamba ua ni maficho ya wezi wa karafuu na nyoka. Hilo ni kweli kwa ua uliotelekezwa, wenye kimo cha nyumba na kichaka chini yake. Ua wenye kimo cha kifua, uliosafishwa chini, humwonyesha mwizi badala ya kumficha. Wengine watasema seng'enge ni haraka zaidi. Ni haraka, na pia ni ghali, hula kutu kwa hewa yetu ya bahari, na huibiwa. Wengine huzungusha fito kavu kila mwaka. Mchwa hula, na fito nyingine hutafutwa, mara nyingi katika mikoko, ambayo kuikata bila ya ruhusa ni kosa. Hesabu ya miaka kumi huonyesha wazi kwamba fito kavu ni ghali kuliko ua mbichi.

Na wako watakaosema, mpaka wangu naujua, nina haja gani ya kumwuliza jirani? Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi iligawanywa, na jamaa nyingi zikapewa eka tatu tatu. Mipaka mingi ya eka hizo haikuandikwa popote ila katika vichwa vya watu: mnazi ule, kisiki kile, bonde lile. Minazi imeanguka, visiki vimeoza, na wazee walioonyeshwa mipaka siku ile wanaondoka mmoja baada ya mmoja. Wajukuu wamebaki wakibishana juu ya mikarafuu miwili mitatu iliyo katikati, na msimu ukifika kila mmoja hutuma wachumaji wake. Sote twajua mambo hayo yalipowafikisha watu. Kiseke bikoni zipo ardhini, na hata hivyo majirani wale wawili waliona haja ya kuvuta kamba pamoja. Sisi tusio na bikoni tuna haja zaidi.

Wachaga wa Kilimanjaro wanao mti wa masale, mbichi siku zote, ambao huupanda mpakani. Na mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la masale kuomba radhi. Waliona tangu zamani kwamba mti unaotenga mashamba ya watu wawili ndio unaofaa kuwapatanisha. Nasi twaweza kuuona ua wetu kwa jicho hilo.

Kwa hivyo twatoa shauri hili kwa wanachama wote. Kabla ya masika ijayo, kila mwenye mpaka usio na ua amwendee jirani yake, hata kama hawajasemezana tangu mwaka wa mbuzi. Waende pamoja mpakani mzee mwenye kumbukumbu angali hai, na sheha awepo, wavute kamba. Watakalokubaliana liandikwe kwenye karatasi mbili, kila mmoja abaki na yake. Wauchague mti kwa kuwaangalia watoto watakaocheza karibu nao. Kisha wapande siku moja. Aliyekodi shamba la Serikali kwa msimu asipande kitu pasi na ruhusa, lakini mwenye eka zake hana udhuru. Na chama chetu kingefanya vyema kuanzisha kitalu kimoja cha miche ya ua kando ya vitalu vya mikarafuu; twakusudia kulileta shauri hilo mkutanoni.

Mkarafuu unaopandwa leo hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, na ukitunzwa huishi kuliko aliyeupanda. Serikali hutoa miche, nasi twaipokea kwa shukrani. Lakini hakuna ofisi inayoweza kumpa mtu jirani. Jirani twamtengeneza wenyewe, na akiharibika twagharimika wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi wakulima wa karafuu hatuna fedha za kuta.

Tulipokuwa tunaagana Kiseke, Mzee alitusindikiza hadi kituo cha basi. Mwenzetu aliyekuwa na gunia alimwuliza kama hakuudhika kwamba tumeviacha vipande vyake. Mzee akajibu:

"Manyara yatabaki hapa, ng'wanawane. Mwambie jirani yako nimemsalimu."

Mwenzetu huyo hakuwa amesema na jirani yake kwa misimu miwili. Twafurahi kuwaarifu wanachama kwamba salamu zimefika, na kamba imevutwa.